Aliyekuja na Asiyekuja

Mwishoni mwa miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ya Kenya ilimwajiri mtaalamu wa elimu ya jamii, Philip Mayer, naye akafanya utafiti katika nchi ya Abagusii. Jambo moja lililomvutia ni namna majirani walivyolimiana mashamba. Maandishi yake yalichapishwa London mwaka 1951, na ndani yake mnatajwa makundi ya aina mbili. Egesangio lilikuwa kundi dogo la watu wachache, mara nyingi wanawake, waliopatana kupalilia wimbi kwa zamu: leo kwa huyu, kesho kwa yule, mpaka mzunguko uishe na kila mmoja awe amepata siku yake. Risaga ilikuwa kubwa zaidi. Mwenye kazi iliyomzidi nguvu, kama kusimamisha nyumba au kulima kipande kipana kabla ya mvua, alipika pombe, akatuma habari, na kila boma katika ujirani ule likatarajiwa kutoa mtu.

Hakuna aliyejaza fomu. Mtu alikuwa wa risaga kwa sababu alikaa pale, na aliendelea kuhesabiwa kwa sababu alionekana shambani. Kumbukumbu ya nani alikuja na nani hakuja ilikaa vichwani mwa watu, na haikuwa kumbukumbu dhaifu. Mtu aliyezoea kukosa kazi za wenzake alijua kwamba siku atakayoita yeye, wito wake utapita masikioni mwa watu kama upepo.

Historia ya vyama vya wachezaji wa gemu za mtandaoni huandikwa kana kwamba ilianzia Uingereza na Marekani, kwenye kompyuta za vyuo vikuu. Kwa upande wa mitambo, ni kweli. Lakini mtu akiisoma akiwa Nyansiongo, katika Borabu ya Nyamira, anaona kitu ambacho waandishi wa ng'ambo wanakipita haraka. Waliotengeneza vyama hivyo walikuwa wageni wasiojuana, wenye kazi kubwa na mavuno machache, na walitumia miaka mingi kutafuta jibu la swali ambalo majirani wa nyanda za Gusii walishalikabili kwa majembe: nani ni mwenzetu, na apate nini?

Nyansiongo ina sababu yake ya pekee ya kuingia katika masimulizi haya. Sehemu kubwa ya Borabu ilikuwa mashamba ya walowezi wa Kizungu, upande wa mpaka wa Sotik. Uhuru ulipokaribia na kufika, serikali ilinunua mashamba hayo, ikayagawa, na familia zikahamia kutoka sehemu zilizosongamana za Gusii. Kila moja ilikuja na ukoo wake na mila zake, na walipofika walikuta jirani wa kulia hakuzaliwa mtaa mmoja nao, wala wa kushoto. Risaga iliyotegemea watu waliofahamiana tangu utotoni haikuweza kubebwa mgongoni ikahamishwa ilivyo. Katika skimu za makazi kilichoundwa kwanza kilikuwa chama cha ushirika: mwenye kiwanja aliandikishwa, akapewa namba, na kupitia namba hiyo akauza mazao, akakopa, akakatwa deni.

Kisha chai ikapandwa. Kiwanda cha Nyansiongo ni kimojawapo cha viwanda vya KTDA, shirika la wakulima wadogo wa chai, katika kaunti ya Nyamira, na mpango wake wa uanachama ni rahisi kuueleza. Mkulima ana namba yake. Anapeleka majani mawili na chipukizi kwenye kituo cha kununulia chai, mzani unapima, uzito unaandikwa dhidi ya namba hiyo. Mwezi ukiisha analipwa kiasi kwa kila kilo, na mwaka wa hesabu ukifungwa anasubiri bonasi, ambayo nayo hufuata kilo zile zile. KTDA iliundwa mwaka 1964 ikiwa mamlaka ya serikali, na mwaka 2000 ikageuka kuwa kampuni inayomilikiwa na wakulima kupitia viwanda vyao, kwa hiyo wakulima wenyewe ndio wenye hisa na huwapigia kura wakurugenzi. Yule jirani asiyejulikana ukoo wake hana haja ya kujulikana. Kilo zake zinajulikana. Kwa watu waliokutana ukubwani juu ya ardhi mpya, jambo hilo lilikuwa na thamani kubwa, na ni hatua ile ile ambayo wachezaji wa gemu wangelazimika kuipiga.

Mwaka 1978, katika Chuo Kikuu cha Essex, mwanafunzi Roy Trubshaw alianza kuandika programu aliyoiita MUD. Richard Bartle aliiendeleza na kuikamilisha. Haikuwa na picha hata moja. Mchezaji alisoma maneno kwenye skrini, akaandika amri, na watu kadhaa waliweza kuwa ndani ya ulimwengu huo kwa wakati mmoja. Kuanzia mwaka 1980 walio mbali na Essex waliweza kuingia kupitia mitandao ya wakati huo. Wachezaji walianza kushikamana bila kuambiwa. Bartle aliwatazama kwa miaka, na mwaka 1996 akachapisha makala yenye kuwagawa katika aina nne: wanaotafuta ushindi, wanaotafuta kujua, wanaotafuta watu, na wanaotafuta kuwatesa wengine. Aina ya nne ndiyo iliyowasukuma wale wa aina tatu za kwanza kujikusanya.

Hali hiyo ilionekana wazi katika Ultima Online, iliyofunguliwa Septemba 1997. Barabarani humo majambazi waliua na kupora, na aliyetembea peke yake alirudi mtupu. Watengenezaji waliwapa wachezaji jiwe la chama, ambalo mtu aliliweka ndani ya nyumba yake, na wanachama wakaandikwa kwenye jiwe hilo. Kila mwanachama alitangaza anamtii nani, na mwenye watiifu wengi ndiye aliyekuwa mkuu wa chama. Uaminifu ukihama, ukuu nao ulihama.

Korea Kusini ilikwenda njia nyingine. Gemu ya Lineage, iliyotolewa mwaka 1998 na kampuni ya NCSoft, iliruhusu mwenye mhusika wa mwana wa mfalme au binti mfalme tu kuanzisha chama. Wengine waliapa kumfuata. Vyama vilipigania ngome, na chama kilichoitwaa ngome kilikusanya kodi kutoka kwa wauzaji wa eneo lake. Vijana walicheza wakiwa wamekaa bega kwa bega katika vibanda vya kompyuta vya Seoul, hivyo mkuu aliyeamuru vita mara nyingi alikuwa ameketi viti vitatu tu kutoka kwa askari wake.

Hayo yote yalikuwa maandalizi. Mwaka wa kukumbukwa ni 1999.

EverQuest ilitoka mwezi Machi mwaka huo, na ilikuwa gemu katili kwa namna ambayo vijana wa leo wangeikimbia. Mchezaji akifa, vitu vyake vyote vilibaki kwenye maiti yake pale alipoangukia, naye akaamka uchi sehemu ya mbali. Ilimpasa kurudi kuichukua maiti hiyo, mara nyingi katikati ya mazimwi yaliyomuua. Katika maeneo ya juu kabisa, kama lile lililoitwa Plane of Fear, kundi zima liliweza kufa kwa pamoja, na bila watu wengine wa kuja kuziopoa maiti, miezi ya jasho ilipotea. Chama kilikuwa na maana ya wazi kabisa: ni watu watakaoacha usingizi waje kukuokolea mwili wako. Abagusii, ambao hata leo husafiri usiku kucha kutoka Nairobi na Mombasa wakiwa na msiba nyumbani, hawahitaji kufafanuliwa uzito wa uanachama wa namna hiyo.

Lakini kulikuwa na tatizo ambalo kuitana hakukulitatua. Majoka mawili makubwa, Lord Nagafen na Lady Vox, yalihitaji watu wengi kuyaua. Kila joka lilipokufa liliacha vitu vichache: pengine vazi moja, silaha moja. Wauaji makumi, ngawira mbili. Walirusha dadu. Mtu aliyefika jana alishinda upanga, na mtu aliyekesha kila wiki kwa miezi akarudi mikono mitupu. Ugomvi ulivunja vyama vingi kuliko majoka yalivyovunja.

Mwaka huo huo mchezaji anayejulikana kwa jina la Thott alitunga utaratibu kwa ajili ya chama chake, Afterlife. Kila aliyehudhuria vita alipewa alama. Alama ziliandikwa. Kitu kilipopatikana, mwenye alama nyingi alikuwa na haki ya kwanza, naye alilipa kwa alama zake, hivyo zamu nyingine nafasi ikamfikia mwenziwe. Wachezaji waliziita alama za kuua joka, na zikaenea kutoka chama kimoja hadi kingine na kutoka gemu moja hadi nyingine kwa miaka iliyofuata. Watengenezaji wa gemu hawakuzibuni na kwa muda mrefu hawakuzisaidia. Zilitunzwa nje ya gemu, kwenye majedwali na tovuti zilizosimamiwa na wanachama wenye subira ya karani.

Mkulima wa Nyansiongo angeusoma mfumo huo mara moja: namba, kilo, bonasi. Angeona pia mapema matatizo yake, kwa sababu ni yale yale ya kila daftari. Wakongwe walilimbikiza alama bila kuzitumia, wakisubiri kitu bora kuliko vyote, na mgeni mwenye bidii akaona hatawafikia hata akicheza miaka miwili. Vyama vingine vikaanza kupunguza alama za zamani kila wiki ili jana isiitawale leo. Vingine vikaweka mnada. Vingine vikagawa bei ya kila kitu kilichochukuliwa kwa wote waliokuwapo siku hiyo, ili jumla ya alama za chama isizidi wala kupungua. Na kulikuwa na waliochoshwa na hesabu, wakatumia orodha ya majina tu: aliye juu akichukua kitu anashuka hadi mkiani, na wengine wote wanapanda ngazi moja. Wanawake wa chama chochote cha kuzungushiana fedha, kuanzia Keroka hadi Kebirigo, wangewafundisha utaratibu huo asubuhi moja.

Adhabu nazo zikafuata. Rekodi moja ya sauti kutoka gemu ya World of Warcraft ilisambaa duniani kote: kiongozi wa vita dhidi ya joka Onyxia anasikika akifoka kwa ghadhabu kwamba mtu akikosea atakatwa alama 50. Watu walicheka, na wanacheka hadi leo. Ukiisikiliza kwa makini unasikia mtu mwenye jukumu la watu wengi, saa za usiku, asiye na uwezo wa kumshika yeyote mkono. Alichonacho ni daftari tu.

World of Warcraft ilifunguliwa Novemba 2004, na ndiyo iliyoupeleka uanachama wa namna hii kwa mamilioni. Aliyetaka kuanzisha chama alinunua hati kwa vipande 10 vya fedha vya humo ndani, kisha akazunguka kutafuta saini 9 za wachezaji wengine. Wengi waliuza saini zao. Chama kikisajiliwa, mkuu alipanga vyeo na kuamua kila cheo kinaruhusiwa nini: nani aalike, nani afukuze, nani aandike ujumbe wa siku. Novemba 2007 ikaongezwa hazina ya pamoja yenye kumbukumbu ya kila aliyeweka na aliyetoa. Watafiti walimiminika. Nicolas Ducheneaut na Nick Yee na wenzao walichapisha mwaka 2006 uchunguzi ulioonyesha kwamba wachezaji wengi walitumia muda mwingi wakicheza peke yao, huku wengine wakiwa karibu nao kama hadhira. Vyama vyenyewe vilikuwa dhaifu na vilikufa kwa wepesi.

Vilivyodumu vilikuwa na kazi nzito ya pamoja. Molten Core, ngome ya kwanza kubwa ya gemu hiyo, ilipokea hadi watu 40, na kupata watu 40 usiku mmoja, kila mmoja na jukumu lake, kulitaka chama chenye watu 60 au zaidi. Kisha Januari 2007 toleo la Burning Crusade lilipunguza idadi: vita vipya vilikuwa vya watu 10 au 25. Kampuni ilitaka kurahisisha. Ndani ya vyama likatokea swali chungu la nani aingie katika wale 25 na nani abaki nje akisubiri, na kikosi cha pili cha 25 hakikutimia. Marafiki wa miaka miwili wakawa akiba. Hakuna aliyekosa, hesabu tu ilibadilishwa kutoka juu, na watu walioitikia kila wito wakaambiwa hapana nafasi. Hicho ni kipindi cha kusikitisha katika historia hii, na hakizungumzwi kadiri inavyostahili.

Mwaka 2010 kampuni hiyo hiyo ilijaribu kukiimarisha chama kwa mashine. Katika toleo la Cataclysm kila chama kilipanda ngazi hadi ya 25, na kila ngazi ilimpa mwanachama faida: kusafiri haraka, kupata uzoefu zaidi. Matokeo yalikuwa kinyume cha kilichokusudiwa. Mgeni hakuona sababu ya kuingia chama kidogo cha watu wema kisicho na ngazi. Aliingia kile kikubwa chenye faida zote, ambamo hakuna aliyemjua na hakuna aliyemuuliza alikuwa wapi jana. Aliyetaka kutoka katika chama kibaya alisita kwa kuhofia kupoteza faida. Ngazi hizo ziliondolewa mwaka 2014.

Gemu moja ilikataa kabisa kumlinda mwanachama dhidi ya wenzake. EVE Online, iliyotoka mwaka 2003 katika kampuni ya CCP ya Iceland, ilikuwa na anga moja kwa wachezaji wote, na vyama vyake viliitwa makampuni: vina mkurugenzi mkuu, hisa, kodi, maghala na mishahara. Makampuni yaliungana katika miungano yenye maelfu ya watu. Sheria ya watengenezaji ilikuwa kwamba usaliti ni sehemu ya mchezo. Mwaka 2005 kundi la mamluki lililojiita Guiding Hand Social Club lilitekeleza kazi lililolipwa kuifanya: watu wake walijiunga na kampuni ya Ubiqua Seraph mmoja mmoja, wakafanya kazi kwa uaminifu kwa karibu mwaka mzima, wakapandishwa vyeo, wakakabidhiwa funguo za maghala. Siku moja, kwa ishara moja, walimuua mkurugenzi mkuu na kufagia kila kitu. Thamani ilikadiriwa kuwa dola 16,500 za Marekani. CCP haikumwadhibu yeyote.

Pigo kubwa zaidi lilikuja Februari 2009, na halikuhitaji hata risasi. Band of Brothers ulikuwa muungano wenye nguvu kuliko yote katika EVE, na adui yake mkubwa alikuwa Goonswarm. Mmoja wa wakurugenzi wa Band of Brothers alichoka na wenzake, akavuka upande wa pili. Cheo chake bado kilikuwa na ruhusa zote. Kwa ruhusa hizo muungano ulivunjwa, makampuni yake yakatolewa, na jina lake likasajiliwa na maadui ili lisichukuliwe tena. Himaya iliyojengwa kwa miaka ilipoteza madai yake juu ya anga usiku mmoja. Kosa lilikuwa kwenye daftari lenyewe: lilijua cheo cha mtu na halikujua moyo wake, na katika kundi la maelfu hapakuwa na mtu aliyekaa naye karibu kiasi cha kuliona hilo likija. Majirani wanaokutana kila siku kisimani na kituoni hugundua mapema kwamba fulani amekasirika.

Katika miaka hiyo yote, Kenya ilikuwa nje. Sababu haikuwa kukosa wachezaji. Mpaka mwaka 2009 intaneti ya nchi ilipitia setilaiti zilizo umbali wa kilomita zipatazo 36,000 juu ya dunia, na ujumbe kwenda na kurudi ulichukua zaidi ya nusu sekunde. Katika vita vya joka, nusu sekunde ni tofauti kati ya mganga anayemponya mwenzake na mganga anayeponya maiti. Saiba zilitoza kwa dakika, na gemu za namna hii zilidai ada ya kila mwezi kwa kadi ya benki. Kebo za chini ya bahari ziliingia Mombasa mwaka huo, TEAMS na SEACOM, na EASSy ikafuata mwaka 2010. Bei ya intaneti ikaanza kushuka.

Kwa hiyo utamaduni wa gemu uliokua katika miji midogo ya Kenya ulikuwa wa chumba kimoja: runinga, PlayStation, benchi, na sarafu kwa kila mechi ya kandanda. Mpinzani alikuwa hapo hapo, anaonekana. Ushindani wa Tekken ulikua kwa njia hiyo, na mwaka 2018 Sylvia Gathoni, anayefahamika kama QueenArrow, akawa mwanamke wa kwanza wa Kenya kusajiliwa na timu ya kimataifa ya gemu. Huo ulikuwa uanachama wa mkataba, kama wa mwanariadha, na ulifungua macho ya wazazi wengi waliodhani gemu ni kupoteza muda.

Chama cha mtandaoni kilifika vijijini kwa simu. Gemu iliyokifikisha kwa wengi ilikuwa Clash of Clans ya kampuni ya Supercell kutoka Finland, iliyotoka mwaka 2012 kwa simu za Apple na mwaka 2013 kwa Android, ambazo ndizo zilizojaa Kenya. Ilifaa kwa sababu ambayo Wafini pengine hawakuifikiria: haikuhitaji watu wawe hewani kwa wakati mmoja. Mtu hushambulia kijiji cha mpinzani wakati mpinzani huyo amelala. Kijana anayechuma chai asubuhi na kupata mtandao mzuri jioni tu anaweza kuwa mwanachama kamili. Klani moja huchukua watu 50, yenye kiongozi, manaibu, wazee na wanachama wa kawaida, na kazi yao ya kila siku ni kupeana askari. Anayehitaji huomba, wenzake huchangia, na kando ya kila jina kuna namba mbili ambazo wote wanaziona: alizochangia na alizopokea.

Gemu nyingine za simu zilikuja baadaye, PUBG Mobile na Free Fire, hii ya mwisho ikiwa imeundwa ili iende hata kwenye simu za bei nafuu. Nazo zina vyama. Lakini vita vyake ni vya papo kwa papo, na seva zao ziko mbali, hivyo mchezaji wa nyanda za juu hucheza akiitazama kasi ya mtandao kwa wasiwasi ule ule anaolitazamia salio la bando.

Katikati ya hayo kulitokea jaribio la kugeuza chama kuwa ajira. Axie Infinity, ya kampuni ya Sky Mavis ya Vietnam, ilimtaka mchezaji anunue viumbe vitatu kabla ya kuanza, na mwaka 2021 bei yao ilipanda hadi mamia ya dola. Chama cha Yield Guild Games, kilichoanzia Ufilipino, kiliwakopesha viumbe wasioweza kununua. Mchezaji alibaki na asilimia 70 ya alichochuma, msimamizi aliyemwajiri akachukua 20, chama 10. Wakati wa janga la korona, Wafilipino wengi walilisha familia zao hivyo. Kisha thamani ya sarafu ya gemu hiyo ikaporomoka, na Machi 2022 wezi waliiba takriban dola milioni 620 kutoka kwenye mtandao wake, wizi ambao polisi wa Marekani waliuhusisha na wadukuzi wa Korea Kaskazini. Wachezaji waliondoka kwa kasi ile ile waliyoingia. Walikuwa na mwajiri, na hawakuwa na wenzao. Mkulima aliyeona bei ya kahawa ikianguka anajua kwamba ushirika unaojengwa juu ya bei peke yake huondoka na bei.

Klani za simu zimebaki, na mahali pake pa kujipima ni vita. Vita vya klani viliongezwa katika Clash of Clans Aprili 2014. Siku moja ni ya maandalizi, siku ya pili ni ya mapigano, na katika saa hizo 24 kila aliyewekwa kikosini ana mashambulizi mawili, hakuna zaidi. Baadaye orodha hubaki wazi kwa wote: fulani amepiga mawili, fulani moja, fulani hakupiga. Kiongozi anaweza kumwondoa mtu kwa kubonyeza mara moja, na wapo wanaofanya hivyo vita vikiisha tu. Viongozi wenye klani za muda mrefu huanza kwingine. Huandika kwenye kundi la WhatsApp na kuuliza, kwa sababu huenda stima ilipotea, bando liliisha, kuna mazishi nyumbani au mitihani shuleni. Aliye na sababu husamehewa. Aliyenyamaza mara mbili hubaki ndani ya klani kwa muda, akiomba askari na kupewa wachache, lakini kiongozi anapochagua majina 10 au 15 ya vita vinavyofuata, jina lake haliwemo.